Mkojo unatoka wenyewe baada ya kujifungua: fistula inatokeaje, inashonwaje na ufanye nini kuanzia siku ya kwanza

Mbukwenyi wote. Naandika hii kwa ajili ya yule dada aliyejifungua wiki hii, au mwezi uliopita, au miaka kumi nyuma, na mkojo unamtoka tu usiku na mchana, na naandika pia kwa mume wake na mama yake na mama mkwe wake maana mara nyingi hao ndo wanashika simu na ndo wanaamua kama mgonjwa anaenda hospitali au anapelekwa kwa mganga. Mimi ni mkunga, nimefanya kazi vituo vya huku Dodoma vijijini. Kabla hujasoma mengine shika hili moja: hiyo ni fistula, yaani tundu, mara nyingi kati ya kibofu cha mkojo na uke, na tundu linashonwa, na mshono wa kwanza ndo wenye nafasi kubwa ya kupona kuliko mishono yote itakayofuata. Kwahiyo wahi, ila usikubali kushonwa na yeyote tu kisa yuko karibu.

UTAJUAJE KAMA NI FISTULA

Mkojo wa fistula hauna taarifa. Husikii haja, umelala unatoka, umekaa unatoka, ukisimama unashuka miguuni, asubuhi godoro limelowa. Huyo ni tofauti na mama ambaye akikohoa au akicheka au akibeba ndoo ndo matone yanamtoka, huyo misuli imelegea baada ya kuzaa na ana matibabu yake. Ni tofauti pia na UTI, ambapo mkojo unachoma na unabanwa kila dakika lakini ukifika chooni unakojoa mwenyewe.

Kinachowachanganya watu ni muda. Wachache mkojo unaanza kuvuja siku ileile ya kujifungua, wengi unaanza kuanzia siku ya tatu mpaka ya kumi, yaani mama ameshapewa ruhusa, yuko nyumbani anakunywa uji, watu wanakuja kumpa pole, alafu ghafla analowa. Hapo ndo maneno yanaanza, karogwa, kuna mtu kamuonea wivu, katembea nje akiwa mjamzito. Hapana. Ile nyama ilishakufa tangu siku ya uchungu, imechukua siku hizo kuoza na kudondoka, ikidondoka ndo tundu linafunguka. Hamna zaidi ya hapo, na wala haiambukizi, kula nae, lala nae chumba kimoja, mbebe mtoto wake kama yupo.

Angalia na mambo mawili ambayo wagonjwa wanaona aibu kuyasema. La kwanza ni kama upepo au choo kikubwa kinapitia ukeni, hapo kuna tundu la pili upande wa nyuma na daktari lazima ajue. La pili ni kama unaenda chooni unakojoa vizuri kabisa kama zamani lakini bado unalowa muda wote, mwambie daktari hivyohivyo kwa maneno hayohayo, maana inawezekana kibofu ni kizima na kilichoumia ni mrija unaoshusha mkojo toka kwenye figo, na oparesheni yake ni nyingine kabisa, mara nyingi inafanyika kwa kupitia tumboni.

INATOKEAJE

Mtoto akishuka, kichwa kinapita katikati ya mifupa ya nyonga. Mbele kuna mfupa wa kinena, nyuma ya huo mfupa kimekaa kibofu, kisha ukuta wa uke. Sasa kichwa kikikwama, labda nyonga nyembamba, labda mtoto mkubwa, labda kalala kiupande au katanguliza uso, kila uchungu ukija kinakandamiza kibofu na uke kwenye ule mfupa. Nyama iliyobanwa damu haipiti. Masaa machache inavumilia, ikipita siku nzima na usiku wake na kesho yake inakufa, na mama mwenyewe hawezi kujua maana maumivu anayosikia ni ya uchungu. Kwa walio wengi mtoto nae anafariki humo humo. Kwahiyo huyu dada unayemuona analowa, mara nyingi amezika mtoto pia, na watu wanamsema harufu wakati hata msiba wake hajamaliza kulia. Naomba mlikumbuke hilo mnapoongea nae.

Ubanaji huohuo unaweza kuumiza mishipa ya fahamu inayoenda mguuni, ndo maana wengine wanaamka hawawezi kunyanyua nyayo, wanaburuta mguu. Huyo anahitaji mazoezi tiba kuanzia mapema, wengi mguu unarudi taratibu ndani ya miezi, wengine inaenda mpaka mwaka na zaidi, asikate tamaa.

Kuna ubishi ambao nimeusikia mara nyingi wodini na nyumbani: alipigwa kisu, yaani alizalishwa kwa oparesheni, baada ya kisu ndo akaanza kuvuja, kwahiyo daktari kamtoboa. Wakati mwingine ni kweli. Kibofu kinaweza kuumia wakati wa kutoa mtoto kwa oparesheni au wakati wa kutoa kizazi kilichopasuka, au uzi ukapita pasipotakiwa, hiyo ipo na hatuna sababu ya kuificha. Lakini kwa mama aliyekaa na uchungu siku mbili nyumbani ndo akaletwa, kibofu kilishabanwa kabla hata hajapanda gari, oparesheni imemuokoa yeye, imekuta nyama tayari imekufa. Nalisema hili kwa sababu kuna wanawake sasa wanakimbia oparesheni wakiogopa fistula, wanakaa nyumbani wakisukuma, na huko kukaa ndo kunakoleta fistula.

Huku kwetu kinachochelewesha kinajulikana. Zahanati haina thieta, hospitali iko mbali. Masika makorongo yanajaa, gari linakwama kwenye mchanga uliolowa, kijiji kinakatika siku nzima. Alafu kuna suala la ruhusa, mama anamsubiri mume arudi machungani, mume nae anataka amuulize baba yake, baba anasema ngoja tuone asubuhi. Wengine wanapewa dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, jamani hiyo ni hatari kubwa, kama mtoto amekwama ukaongeza nguvu ya kusukuma kizazi kinaweza kupasuka. Mabinti wa miaka 15, 16 ambao nyonga haijamaliza kukua wako kwenye hatari zaidi, na walio wafupi sana pia, lakini usidhani mama wa watoto watano amevuka, wa sita anaweza kulala vibaya tumboni na yakatokea yaleyale.

Kwahiyo uchungu wa kweli, ule unaokuja kwa mpangilio na unaongezeka, ukikaribia masaa 12 mtoto hajatoka, mama awe yuko mahali penye thieta, sio ndo muanze kutafuta gari. Piga 115, ni bure, ni namba ya M-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliotoka kujifungua na watoto wachanga, ulizinduliwa kwa nchi nzima hapa hapa Dodoma mwaka 2022. Kwenye kituo uliza kama wanajaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, maana ndo inaonyesha mapema kwamba njia haifunguki au mtoto hashuki. Na kama nyumbani ni mbali au njia inakatika masika, mama asogee karibu na hospitali wiki mbili tatu kabla ya tarehe, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua pale ilipo.

WIKI ZA KWANZA NI DHAHABU

Hapa ndo naona watu wanapoteza nafasi. Mtu anaambiwa na jirani kwamba fistula inashonwa baada ya miezi mitatu, basi anakaa nyumbani miezi mitatu. Ile miezi mitatu ni muda ambao madaktari wengi wanasubiri ili kidonda kikauke na nyama ipate nguvu ya kushika uzi, sio muda wa wewe kukaa ndani. Unatakiwa uonekane hospitali wiki hiihii mkojo ulipoanza.

Kwanini? Kwa sababu tundu likiwa bichi bado linaweza kuziba lenyewe. Unawekewa katheta, wenyewe tunaita mpira wa mkojo, unakaa nao wiki nne mpaka sita hivi, kibofu kinakaa kitupu muda wote, mkojo unapita kwenye mpira badala ya kupita kwenye tundu, na kama tundu ni dogo kingo zinakutana zinashikana, umepona bila kisu. Haifanyi kazi kwa kila mtu, tundu kubwa halizibi kwa mpira, ila hata lisipoziba unakuwa umelisafisha na umelipunguza, na umeshaandikwa kwenye orodha ya kushonwa. Na kwa mama aliyekuwa na uchungu uliokwama hata kama bado havuji, mpira ubaki kama wiki mbili. Ukiona unataka kutolewa siku ya pili baada ya oparesheni na wewe unajua mgonjwa wako alikaa na uchungu siku mbili, uliza kwa heshima, sista naomba tumuulize daktari, huyu uchungu ulikwama, mpira ubaki au utoke. Kuuliza sio kosa.

Katika wiki hizo kunywa maji. Najua kila mwenye fistula anafanya kinyume, anaacha kunywa ili asilowe, na huku kwetu maji yenyewe ya kutafuta, ndoo moja umeifuata kilomita kadhaa. Lakini ukiacha kunywa mkojo unakuwa mkali, unachoma mapaja mpaka yanatoka vidonda, harufu inazidi, na mawe yanaweza kujitengeneza kwenye kibofu na kwenye tundu, na mawe yakiwepo hushonwi mpaka yatolewe. Mkojo ukiwa mweupe kama maji hauchomi na haunuki hivyo. Lita nne kwa siku, tano ukiweza, familia ipange nani anachota.

Oga kila siku, kalia maji ya uvuguvugu safi yenye chumvi kidogo mara mbili kwa siku, jifute ukauke, paka vaselini mapajani na kwenye makalio ili mkojo usiguse ngozi moja kwa moja. Usiingize kitu chochote ukeni, sio majani, sio magadi, sio spiriti wala ugoro, nimeona vidonda vya dawa hizo vikiongeza makovu ambayo baadae yanampa daktari kazi kubwa kuliko fistula yenyewe. Kula pia. Mwenye fistula wengi wamekonda, damu imepungua, na nyama isiyo na lishe haishiki mshono. Mlenda na ugali wa uwele ni vizuri, ongeza mayai, maharage, karanga, maziwa, dagaa, nyama ikipatikana.

KUTAFUTA WA KUKUSHONA

Anzia zahanati au kituo cha afya chako uandikiwe rufaa, kutoka hapo hospitali ya wilaya, kisha hapa mjini kuna General, yaani hospitali ya rufaa ya mkoa, na Benjamin Mkapa. Uliza swali moja kila unapofika: hapa kuna daktari anayeshona fistula mara kwa mara, au kuna kambi ya fistula inakuja? Kambi ni pale madaktari bingwa wanapokuja siku kadhaa wanashona wagonjwa wengi, fuatilia redio na mbao za matangazo, hasa kuelekea tarehe 23 Mei ambayo ni siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula tangu 2013.

Nje ya Dodoma, hospitali ya CCBRT pale Msasani Dar es Salaam imekuwa ikitibu fistula bure kwa miaka mingi, na imekuwa na mabalozi wanaowatambua wagonjwa vijijini, nauli imekuwa ikitumwa kwa simu kupitia balozi, kwahiyo umaskini usikufanye ukae nyumbani kabla hujauliza. Bugando Mwanza na KCMC Moshi nazo ni hospitali zinazojulikana kwa kazi hii. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii kijijini kwako mara nyingi anajua pa kupiga simu, mtafute yeye kabla hujauza mbuzi.

Sasa kwanini nasisitiza anayeshona mara kwa mara. Kila ukishona ukashindwa unaacha kovu, kovu halina damu ya kutosha, nyama inakuwa fupi na ngumu, anayekuja wa pili anakuta kazi ngumu kuliko wa kwanza, wa tatu ngumu zaidi. Nimepokea mama ambaye alishashonwa mahali, sitapataja, na mtu mwenye nia nzuri tu lakini hakuwa amezoea, ikaachia, akashonwa tena hapohapo ikaachia, mpaka anafika kwa mtaalamu njia ilikuwa imejaa makovu matupu. Bora usubiri wiki kadhaa kambi ifike au usafiri kwenda kwa aliyezoea. Hii kazi ina watu walioitolea maisha yao yote, Catherine Hamlin na mume wake Reginald walifungua hospitali ya fistula Addis Ababa mwaka 1974, na madaktari wa nchi nyingi wamepita pale kujifunza, ni ujuzi kamili unaojitegemea, wala sio kipande cha kufanya pembeni baada ya kumaliza ngiri na mabusha.

Safari. Mwenye fistula anaogopa basi kuliko oparesheni, na ana haki. Vaa nepi ya watu wazima au vitambaa vya pamba vilivyokunjwa mara kadhaa, juu yake chupi inayobana, kisha kanga mbili, kalia nailoni iliyofunikwa na kitenge. Beba mfuko wa kutia vilivyolowa na chupa ya maji ya kujisafishia. Treni ya SGR ina choo ndani na Dodoma mpaka Dar ni kama masaa manne, kwahiyo ukipata nauli ya treni ni nafuu kwa mgonjwa kuliko basi la kutwa. Kunywa maji kama kawaida. Aende na mtu mmoja anayempenda, sio kundi.

Beba kadi ya kliniki, karatasi za kuruhusiwa, rufaa, na kwenye karatasi andika: uchungu ulikaa muda gani, alijifungulia wapi na kwa njia gani, mtoto yupo au hayupo, mkojo ulianza siku ya ngapi, ameshawahi kushonwa mara ngapi na wapi. Ukiwa nayo hiyo karatasi unampunguzia daktari nusu ya maswali, na dada halazimiki kuhadithia uchungu wake kwa kila mtu mpya.

KABLA YA KISU

Usitegemee kushonwa siku unayofika. Watapima damu, mkojo, figo kwa utrasaundi, watatibu malaria, minyoo, upungufu wa damu, watasubiri ngozi ipone. Kisha kuna kipimo cha rangi, hakiumi, wanaweka pamba ukeni alafu wanajaza kibofu maji yenye dawa ya bluu kupitia mpira. Pamba ikitoka na bluu, tundu liko kwenye kibofu na wanaona liko juu au chini. Pamba ikitoka imelowa lakini sio bluu, mkojo unatoka kwenye mrija wa figo, ndo yale niliyosema mwanzo. Daktari atapima pia kwa kidole tundu lina ukubwa gani, kovu likoje, na njia ya mkojo yenyewe ipo au imeliwa, maana hilo la mwisho ndo linaamua kama baada ya kupona utaweza kujizuia.

Muulize waziwazi, daktari yangu ni nyepesi au ngumu? Nyepesi wengi sana wanapona kwa mara ya kwanza, karibu tisa kati ya kumi kwenye mikono iliyozoea. Ngumu inaweza kuhitaji zaidi ya oparesheni moja, ni vizuri ujue mapema.

NDANI YA THIETA

Wengi wanafikiri watapasuliwa tumbo. Fistula nyingi za kibofu zinashonwa kwa kupitia njia ya uke, hamna kidonda cha nje. Unachomwa ganzi ya mgongo, kuanzia kiunoni kushuka husikii, uko macho, unaweza hata kuongea na sista. Miguu inanyanyuliwa na kuwekwa kwenye vishikio, kitanda kinainamishwa kichwa kikiwa chini kidogo ili daktari aone vizuri. Inaweza kuchukua chini ya saa moja, inaweza kuchukua masaa.

Anachofanya ni hiki. Kwanza anatafuta ile midomo miwili ya mirija ya figo inapoingilia kwenye kibofu, kama iko karibu na tundu anaiingizia vijimirija vyembamba ili asije akaishona kwa bahati mbaya. Kisha anakata ngozi ya uke kuzunguka tundu na kuanza kutenganisha kibofu na uke, taratibu, anaenda mbali na tundu, kwa sababu vile vitu viwili vimegandamana kwa kovu. Hii ndo hatua inayotenganisha fundi na asiye fundi. Kama hakutenganisha vya kutosha, atavuta kingo kwa nguvu zikutane, na hapo ni sawa na kutia kiraka kwenye kanga iliyochakaa ukavuta uzi, haichaniki kwenye kiraka, inachanika pembeni. Kibofu kikishalegea na kuwa huru, kingo zinakutana zenyewe bila kuvutwa, anashona kwa nyuzi zinazoyeyuka. Anajaza tena dawa ya bluu kuangalia kama kuna panapovuja, pakivuja anarudia hapohapo. Mwisho anafunga ukuta wa uke, anaweka mpira, anaufunga vizuri usichomoke, na mara nyingi anaweka gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, ukeni ambayo inatolewa baada ya siku moja au mbili.

MPIRA NDO MGONJWA SASA

Oparesheni nzuri kabisa inaweza kuharibika wodini kwa sababu mpira uliziba watu wamelala. Kibofu kikijaa kinavuta mshono, mshono unaachia. Kwahiyo kazi ya mgonjwa na anayemuuguza ni tatu na hamna likizo: maji yanywewe, mpira utiririke, kitanda kiwe kikavu. Ukiona matone hayadondoki kwa nusu saa, au shuka imelowa, au tumbo la chini limejaa linauma, ita nesi sasa hivi, saa nane usiku mwamshe, usione aibu, usingoje raundi ya asubuhi. Angalia mpira usijikunje, usiulalie, mfuko ubaki chini ya kiuno siku zote hata ukitembea, usiuweke kitandani pembeni yako. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, hujanywa vya kutosha, ongeza kikombe.

Kwa fistula nyepesi mpira unakaa siku 7 mpaka 10, ndivyo WHO, Shirika la Afya Duniani, ilivyopendekeza mwaka 2018, zamani ilikuwa kawaida kukaa wiki mbili au zaidi. Ile ngumu daktari wako ataongeza siku. Ukitolewa usikae ukangoja haja, siku za kwanza nenda kakojoe kila saa, kesho yake kila masaa mawili, kibofu kilikaa muda mrefu bila kazi kimekuwa kidogo kinafundishwa upya.

Na hapa nawaandaa kwa jambo linalovunja watu moyo. Wapo ambao mpira ukitoka wanalowa tena, wanalia wanasema imeshindikana. Sio lazima iwe imeshindikana. Tundu linaweza kuwa limefunga kabisa ila njia ya mkojo ni dhaifu, wakisimama au wakikohoa inatoka. Kipimo cha rangi kitaonyesha. Kama tundu limefunga, kuna mazoezi ya kubana misuli kana kwamba unakatisha mkojo katikati, unabana unahesabu mpaka kumi unaachia, mara nyingi kwa siku, na wengi inapungua ndani ya miezi. Kama haipungui kuna oparesheni nyingine kwa ajili hiyo. Na kama kweli tundu limefunguka, wakati mwingine mpira unarudishwa wiki kadhaa likajifunga, likikataa unasubiri angalau miezi mitatu ndo unashonwa tena, kwa aliyezoea.

NYUMBANI

Miezi mitatu hamna tendo la ndoa, wengine wanaambiwa mpaka sita, fuata ulichoambiwa wewe. Shemeji zangu hili nawaambia nyie moja kwa moja, sio mkeo anakunyima, mshono haujakomaa na ukilazimisha unarudisha tundu. Miezi hiyohiyo hamna ndoo kichwani, hamna mzigo wa kuni, hamna jembe, hamna kutwanga. Najua huku kwetu maana yake ni nini kwa nyumba, kwahiyo kabla hajaruhusiwa watu wa nyumbani wawe wamekaa wamegawana kazi, mume achote maji kwa baiskeli au punda, wifi asaidie kupika. Kama hapo nyumbani haiwezekani, aende kwa mama yake akapumzike.

Siku zake zinaweza kuchelewa kurudi, kwa wengine hazirudi, akapimwe. Njia ikibana wakati wa tendo baadae, arudi aseme, inatibika. Na msongo wa mawazo usiuache, aliyekaa miaka amejitenga hafunguki siku mpira unapotoka, apate mtu wa kuongea nae, hospitali nyingi zinazoshona fistula zina washauri.

Mimba nyingine inawezekana, ila apumzike angalau mwaka mmoja, atumie uzazi wa mpango, na siku akijijua ana mimba tu aende kliniki mapema aseme hivi: nilishonwa fistula, natakiwa kuzaa kwa oparesheni. Asiseme "nilikuwa na tatizo la mkojo", aseme fistula, na ahakikishe imeandikwa kwenye kadi juu kabisa. Apangiwe tarehe kwenye hospitali yenye thieta, na ikifika wiki ya 36 awe ameshahamia karibu na hiyo hospitali, na uchungu ukianza kabla ya tarehe asisubiri hata saa moja, apige 115.